Siku Niliyowasha Moto Kiplombe kwa Meseji

Kuna watu wameaibika kwa kuanguka kwa harusi, na wengine suruali imewapasukia kanisani wakienda kutoa sadaka, na hao nikikutana nao huwa nawaambia wamshukuru Mungu, kwa sababu aibu yao ilionwa na watu wa chumba kimoja. Mimi yangu niliituma kwa meseji. Niliituma kwa wafugaji wa ushirika mzima, mara tatu, halafu nikakaa kwa kiti nikijipongeza.

Naitwa Kibet, mzaliwa wa Kesses, na wakati huo nilikuwa naandika programu katika kampuni ndogo ya hapa Eldoret, ofisi moja juu ya duka la dawa za mifugo, watu watatu na birika ya chai. Bosi alikuwa Rotich. Mwenzangu alikuwa Njeri, ambaye mamake ana duka Kiplombe. Mteja wetu mkubwa (na pia mteja wetu mdogo, kwa sababu alikuwa mmoja tu) alikuwa ushirika wa maziwa. Mfugaji analeta maziwa kituoni, Kiplombe ama Kapsoya ama Kesses, mashine inapima, seva yetu inapokea kilo, mfugaji anapata meseji. Isipokuwa siku ambazo hapati, na hizo siku zilikuwa nyingi kiasi kwamba akipata alikuwa anapiga simu kuuliza kama kuna shida.

Sasa, kila programu huwa inajiandikia daftari, dakika kwa dakika, nimepokea hiki, nimekosa kile, na hiyo daftari tunaiita logi. Ya kwetu ilikuwa ndefu kuliko ibada ya Pasaka, na mashine ikikwama tulikuwa tunaisoma mstari kwa mstari hadi macho yanatoa machozi. Rotich akasikia kwamba wenzetu wa Nairobi hawateseki hivyo, kuna huduma zinakuchukulia logi zako zinazipanga, unatafuta neno unalipata, na kitu kikiharibika zinakutumia tahadhari.

"Kibet, linganisha hizo huduma uniletee ripoti," akaniambia. "Nataka moja. Sitaki hadithi."

Nikalinganisha. Zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya ng'ambo, yenye michoro ya rangi mizuri sana, ukiiangalia unasahau kwamba inakuonyesha jinsi kazi yako ni mbaya. Ya pili pia ya ng'ambo, haina urembo wowote, lakini ukitafuta neno inakuletea kabla hujainua kidole. Ya tatu ni ya bure, unaiweka kwa seva yako mwenyewe, na ni bure kwa maana kwamba hulipi kitu isipokuwa wikendi zako zote. Wiki nzima nilifanya kazi nzuri kabisa (nasema mwenyewe kwa sababu hakuna mtu mwingine amewahi kusema), nikabaki na swali moja tu, kwamba kituo kikikwama, ni huduma gani itatuambia haraka zaidi.

Siku niliyochagua ya jaribio hilo haikuwa na shida yoyote. Ilikuwa tu siku ya tatu baada ya uchaguzi, uchaguzi wa kwanza tangu ule uliotuletea vita, nyumba zikachomwa na watu wakakimbilia kambini, matokeo bado, maduka ya town nusu yamefungwa, na watu wanaongea kwa ile sauti ya wodi ya hospitali. Rotich akaona ni wakati mzuri wa majaribio kwa sababu simu za wateja hazilii. Na mimi nikaona hivyo hivyo. Watu wawili wenye digrii.

Ofisini kwetu kila hitilafu tulikuwa tunaiita moto. Ukisikia "Kapsoya inawaka", ujue mashine ya Kapsoya imekwama, wacha chai yako uje tusaidiane. Kwa hivyo nilipofika mahali pa kuandika maneno ya tahadhari, badala ya kuandika kitu kama mtu mzima, nikaandika: "KIPLOMBE INAWAKA. WACHA KILA KITU UTOKE SASA HIVI."

Njeri alipita nyuma yangu na kikombe, akasoma, akasimama.

"Kibet, hayo maneno si mazuri wiki hii."

"Ni sisi watatu tu tutayaona," nikamwambia, na hata sikugeuka.

Meseji za zile huduma za ng'ambo zilikuwa hazifiki kwa laini zetu, kwa hivyo mimi, kwa akili nyingi, nikaziunganisha zote tatu na mtambo wetu wenyewe wa meseji, ule unaotumia wafugaji habari za kilo zao. Nikaunda kikundi cha namba tatu, yangu, ya Rotich na ya Njeri, nikakiita "majaribio". Halafu kwa ile sehemu ya kuelekeza meseji ziende wapi, nikaandika "majaribo". Herufi moja. Na mtambo ulikuwa na sheria, kwamba ukikosa kikundi ulichoambiwa, tuma kwa kila mtu. Hiyo sheria iliandikwa mwaka uliotangulia na mjinga fulani, baada ya mwenyekiti wa ushirika kulalamika kwamba matangazo ya mkutano hayafikii wanachama. Huyo mjinga nilikuwa nampiga mswaki kila asubuhi.

Saa nne nikampigia karani wa kituo cha Kiplombe nikamwomba azime mashine kidogo, nikawasha saa ya kuhesabu sekunde. Simu yangu ikalia. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu. Na sisi watatu tulikuwa kwa orodha ya wafugaji pia, ili tuone meseji zao zikienda, kwa hivyo simu zetu kulia hakukuonyesha chochote ila kwamba mpango wangu umefaulu vizuri sana.

"Ya pili imeshinda," nikasema. Rotich akanipa mkono. Niliandika matokeo kwa daftari nikapiga na mstari chini.

Baada ya dakika chache hivi, mamangu akapiga kutoka Kesses. Mama ni mwanachama wa ushirika, ana ng'ombe wanne.

"Kibet, uko wapi?"

"Niko kazini, Mama."

"Kaa hapo hapo. Usipite njia ya Kiplombe. Kunachomwa."

"Nani amekuambia?"

"Ushirika wenyewe wametuma. Nyinyi mnakaa na kompyuta siku nzima na hamjui kitu." Nikasikia mlio wa meseji. "Ngoja, imeingia tena."

Ilikuwa imeingia tena kwa sababu nilikuwa nimeagiza kila huduma irudie baada ya dakika tano mpaka mashine iwake. (Huduma zote tatu zilifanya hivyo bila kukosea, na hiyo niliiweka kwa ripoti.)

Nilipogeuka, Njeri alikuwa kwa simu na mamake, anaongea Kikikuyu polepole, macho yake yako kwangu. Akamaliza akaweka simu kwa mkoba.

"Mama amefunga duka," akasema. "Ako njiani kwenda kanisani. Wako wengi." Hakuinua sauti. Laiti angeinua. Akachukua sweta yake akatoka.

Karani wa Kiplombe hakushika simu awashe mashine, kwa hivyo nikaanza kuzima huduma zenyewe. Ya kwanza, ile ya michoro, ilitaka nithibitishe kwa barua pepe kwamba kweli mimi ni mimi, jambo ambalo wakati huo singependa kuthibitisha kwa mtu yeyote. Ya pili ilizimika kwa kubonyeza mara moja. Ya tatu, ile niliyoiweka mwenyewe, sikujua inazimwa wapi, kwa hivyo nilituma kwanza meseji ya kurekebisha, "Hizo za awali ni majaribio, msijali", na kabla haijaenda kwa nusu ya watu nikachomoa waya wa seva. Kwa hivyo kuna waliopata kwamba Kiplombe inawaka, na kuna waliopata kwamba inawaka, halafu wasijali, halafu kimya kabisa, simu za ofisi hazishikwi kwa sababu mimi na Rotich tulikuwa tumeshaingia kwa pikapu yake.

Na kana kwamba nilikuwa nimeagiza, mtu fulani huko Kiplombe alikuwa anachoma mabua ya mahindi shambani mwake. Moshi ulionekana kutoka barabarani, mrefu na mweusi. Rotich aliuangalia akaniangalia.

"Hata moshi umeweka," akasema.

Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa. Magodoro, kuku wamefungwa miguu, watoto wamevaa nguo mbili mbili. Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa langoni, na chifu amesimama katikati akipigia watu simu akiuliza moto uko upande gani, na kila anayeulizwa anamwambia uko upande ule mwingine. Rotich akamnong'onezea. Chifu akanitazama kutoka viatu hadi kichwa, akaniita mbele ya watu wote.

"Huyu kijana ndiye moto," akawaambia. "Ongea."

Nikaongea. Jaribu siku moja kusimama mbele ya watu waliobeba magodoro uwaelezee huduma za kusimamia logi. Nikasema tulikuwa tunalinganisha logi. Mzee mmoja akauliza kama ni logi za msonobari au za blugamu, na hakuwa anatania, kwa sababu hapa kwetu logi ni mti uliokatwa. Nikasema ni daftari ya kompyuta. Chifu akauliza, na moto? Nikasema moto ni vile tunaita makosa ya mashine, kwa ofisi, kwa kuchekesha.

"Kuchekesha nani?" akauliza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Nikasema, mimi.

Njeri alikuwa amesimama kando ya ukuta na mamake. Mama Njeri namjua, nimekunywa chai kwake mara nyingi, na kila mara huniuliza kama nimeoa. Jirani yake Mzee Kirwa alikuwa amemletea godoro kwa mkokoteni, na miguuni pa Mama Njeri kulikuwa na begi moja kubwa ya rangi ya kahawia, imejaa vizuri, imefungwa zipu mpaka mwisho. Haikuwa begi ya mtu aliyekurupuka.

"Mama, hii umepanga saa ngapi?" Njeri alikuwa anamuuliza.

"Imekuwa nyuma ya mlango."

"Tangu lini?"

"Tangu turudi kutoka kambini."

Njeri hakuwa anajua. Amelala kwa ile nyumba miaka hiyo yote, amefungua na kufunga ule mlango, na hakuwa anajua. Aliifungua begi pale pale: hati ya shamba, blanketi, cheti cha shule cha Njeri mwenyewe, picha ya babake, sukari. Halafu akaifunga tena akaniangalia, na nawaambia, mimi nimetukanwa na mwenyekiti wa ushirika siku hiyo hiyo jioni kwa lugha tatu, lakini hakuna mahali paliniuma kama hapo.

Nikaenda nikamsalimia Mama Njeri, nikamwomba msamaha, nikaeleza tena habari ya mashine, nikasema hakuna moto, ni mabua tu, nikasema haitarudia. Nilisema maneno mengi. Alinisikiliza mpaka nikaisha.

"Sawa. Beba godoro," akasema.

Nikabeba godoro kichwani, kupita sokoni kote mpaka dukani kwake, na watu wamesimama kwa milango wanaulizana kama ndiye yule, na wanajibiana ndiye. Mzee Kirwa alitembea kando yangu na mkokoteni mtupu. Nilimwambia mkokoteni ungebeba godoro vizuri. Akaniambia anajua.

Adhabu ya ushirika ilikuwa nizunguke vituo vyote vitatu asubuhi maziwa yakipimwa, niombe msamaha kwa mdomo, si kwa meseji. Kule Kesses mamangu alisimama mstari wa mbele na mtungi wake, akasikiliza mpaka mwisho kama mtu asiyenijua, akapima maziwa akaenda nyumbani. Ripoti niliandika pia, Rotich alisisitiza, na tukachukua ile ya pili, si kwa kasi yake ya kutafuta wala ya kutuma, ila kwa sababu ndiyo peke yake iliyokubali kunyamazishwa. Njeri alikaa wiki mbili bila kunisemesha mambo yasiyo ya kazi, kisha siku moja akaniwekea chai mezani, nikainywa.

Siku hizi tahadhari zangu ni kavu kama biskuti ya jeshi. "Mashine ya kituo namba mbili haijatuma kilo." Basi. Vijana wapya ofisini wananiuliza mbona sina raha, na mimi nimeapa kwamba maneno ya kuchekesha sitayaweka tena kwa mashine, mashine haijui ni wiki gani.

Lakini kuna swali la Mama Njeri ambalo sijalijibu hadi leo. Tulikuwa tumefika dukani, nimetua godoro, yeye anafungua kufuli. Hakuwa amekasirika. Aliuliza tu vile mtu anauliza mtaalamu wa simu.

"Sasa, Kibet, siku ingine meseji ikiingia kama hiyo," akasema, "nitajuaje kama ni wewe?"