Hita ya Mashua ya Sista Tabitha

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya mashua ya Nechells, mjini Birmingham, sikupewa spana. Nilipewa ufagio, na kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimeshakaripiwa. Mke wangu alipiga simu, nikapokea, tukaongea Kiswahili maneno mawili matatu tu kuhusu homa ya binti yetu Achieng'. Msimamizi, Mwingereza mfupi mwenye mikono mipana, akaja kusimama mbele yangu.

"Hapa tunaongea lugha ambayo kila mtu anaielewa," alisema. "Ukiongea hiyo yako, nitajuaje kama hunisengenyi?"

Nikaomba radhi. Nilikuwa na cheti cha ufundi wa mabomba kutoka karakana ya meli za ziwani Kisumu, cheti ambacho hakuna mtu Birmingham aliyetaka hata kukifungua, na nilihitaji kazi. Tangu siku ile sikutamka neno la Kiswahili mbele ya mkubwa yeyote kwa miaka kumi na tisa. Nililiita jambo hilo adabu, na nililionea fahari.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mna vifaa vinavyojipima vyenyewe, kwa hiyo niwaeleze tulivyofanya sisi. Karakana ilikuwa kando ya mfereji, na kazi yetu ilikuwa kuweka joto ndani ya zile mashua ndefu nyembamba ambazo watu huzifanya nyumba. Hita ndogo inachoma dizeli na kuchemsha maji. Pampu inayasukuma maji hayo kwenye mabomba mpaka kwenye rediata, yanaacha joto lao chumbani, kisha yanarudi kuchemshwa tena. Adui mkubwa ni hewa. Ikibaki kidogo tu ndani ya bomba, maji hayazunguki, na rediata ya mwisho inabaki baridi kama kaburi. Msimamizi ndiye aliyenifundisha kuitoa polepole, rediata moja baada ya nyingine, sikio likiwa kwenye bomba. Sitamnyima haki yake. Kwa mashua za mfereji alikuwa fundi hasa.

Lakini kila kazi ilikuwa na karatasi ya makabidhiano. Fundi anasaini kwamba kazi ni salama, mteja anasaini kwamba amepokea. Nilitoka kwenye ufagio nikapandishwa kuwa mshika mabomba, kisha fundi wa banda la pili, kisha la kwanza, na muda wote huo nililala mimi chini ya sakafu za watu, akasaini Msimamizi. Nilipouliza, Meneja alinivisha kilemba cha ukoka: mikono yangu ni dhahabu, nivumilie kidogo.

Ndipo akaja Sista Tabitha. Alikuwa nesi mstaafu, mkazi wa Hodge Hill, na tulisali kanisa moja. Mumewe, Mzee Ndung'u, alikuwa na kifua kibovu kilichotokana na miaka mingi ya kufanya kazi ghalani penye vumbi, na ndoto yake ya uzeeni ilikuwa mashua ya tanga. Kanisani tuliwacheka sana. Mtu wa milima ya Nyeri na tanga, wapi na wapi? Hawakujali. Walinunua mashua ndogo iliyokwisha kutumika, ikaletwa karakanani juu ya lori, na Sista akamwambia Meneja kwamba anataka hita ifungwe na Baba Achieng', si mtu mwingine.

Meneja akaniita ofisini. "Hii ifunge peke yako," alisema, "na usaini mwenyewe. Ikienda vizuri, wewe ni fundi mkuu."

Nilifunga hita ile kama mtu anayejenga nyumba yake. Tangi la kujazia maji nililiweka juu kabisa, mabomba nikayavisha koti la sponji, hewa nikaitoa mara tatu. Likabaki bomba la moshi. Kwenye mashua ya mfereji bomba hilo hutoka moja kwa moja kwenye tundu la ubavuni, kwa kuwa mashua ile hailali upande hata siku moja. Mashua ya tanga hulala. Upepo ukiipiga, ubavu mmoja huzama, na tundu la moshi nalo linakwenda chini ya maji. Kwa hiyo niliupandisha moshi kwanza: nilikunja bomba likapanda hadi karibu na dari ya kabati, kisha likashuka kwenye tundu. Maji yakiingia, hayawezi kuvuka mkunjo ule. Hilo nililijua tangu Kisumu, ambako ziwa likichafuka hata meli huinama.

Msimamizi akafungua kabati. "Ni nini hiki?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Katika maisha yangu yote ya kazi, hakuna tone la maji lililowahi kuingia kwenye tundu nililotoboa mimi."

Na ilikuwa kweli. Alikuwa ametoboa matundu yake yote kwenye maji yasiyotikisika.

"Umekula nusu ya kabati la mteja," akaendelea. "Litoe. Au karatasi nisaini mimi, kama kawaida?"

Hapo alinipata. Niliutoa mkunjo kwa mikono yangu mwenyewe, nikaunga bomba moja kwa moja.

Siku ya makabidhiano tulikuwa watatu ndani ya mashua. Msimamizi alisimama kwenye ngazi, Sista Tabitha alikaa kitandani, mimi nimeshika karatasi. Rediata zilikuwa za moto. Sista akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili, "Baba Achieng', niambie ukweli. Hii hita iko sawa? Kifua cha Mzee unakijua."

Nikamtupia jicho Msimamizi. Kisha nikamjibu Sista kwa Kiingereza, kwa sauti ya kazini, kwamba kila kitu kiko salama. Akanitazama tena kidogo, halafu akasaini. Nami nikaweka jina langu.

Baada ya Pasaka walikwenda nayo baharini, upande wa Wales. Upepo ukailaza, tundu likazama, maji yakapanda kwenye bomba hadi kwenye hita. Moshi ukakosa njia, ukapenya kwenye maungio ukaingia chumbani, alikolala Mzee Ndung'u akiota joto. Sista alimkuta hajitambui, akamvuta hadi nje. Alipona, ikiwa kuvuta pumzi kwa mtungi wa oksijeni huitwa kupona. Mashua waliiuza.

Meneja aliweka karatasi mezani. "Hili ni jina la nani?" Msimamizi alikuwa akitazama viatu vyake. Nikaangushiwa jumba bovu, ingawa nguzo moja niliing'oa mwenyewe. Ufundi mkuu ukayeyuka, na sikusaini tena mpaka nilipostaafu. Mamia ya hita nilizofunga vizuri zina jina la mtu mwingine. Lenye jina langu ni kosa lile moja. Na kabla mwaka haujaisha, Msimamizi alikuwa akiwafundisha mafundi wapya kwamba kwenye mashua ya tanga bomba la moshi lazima likunjwe juu. Roho yangu iliniuma mpaka nikakosa usingizi, na inaniuma hata leo.

Siku ya kuniaga kulikuwa na keki. Meneja alinisifu kwamba miaka yote ile hakuwahi kusikia neno baya kinywani mwangu. Wakapiga makofi.

Sista Tabitha alihamia kanisa jingine. Tulikutana mwaka jana dukani Stechford, amebeba unga. Hakunisalimu. Aliniuliza tu, "Ulijua?"

"Nilijua, Sista. Lakini yule bosi alikuwa amesimama pale pale."

"Alisimama, sawa. Kwani Kiswahili anajua?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi nilimwona vile alikuwa anakuangalia. Ndiyo maana nilikuuliza kwa Kiswahili, ndio unijibu bila yeye kusikia. Neno moja tu, Baba Achieng'. Ningekataa kusaini."

Akauhamisha unga mkono wa pili, akaondoka.

Sasa niko nyumbani, na wajukuu huja Jumapili. Nikiwasemesha Kiswahili wanaelewa kila neno, lakini hunijibu kwa Kiingereza. Achieng' huwakemea: "Babu amewauliza kwa Kiswahili, mjibuni kwa Kiswahili!" Kisha hunigeukia nimuunge mkono. Mimi huinamia kikombe changu cha chai. Sina uso wa kuwakemea.