Mama Pembe na Mkono wa Kuume

Dada yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Pembe. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa na shuka jeupe ambalo juu yake alimtarizi kwa mashine yule mnyama wa kitabu cha mwisho cha Biblia, mwenye vichwa saba na pembe kumi. Kila Jumamosi alasiri alilitundika ukutani dukani kwake, akafundisha unabii. Siku ya kwanza mtu aliuliza pembe kumi zitagawanywaje kwenye vichwa saba. Dada hakubabaika. "Vichwa vitatu pembe mbilimbili, vinne mojamoja. Unabii haukisiwi, unapimwa, kama kiuno cha suruali."

Alikuwa mkali, lakini somo alilijua. Mnyama, alisema, si mnyama, ni utawala. Bahari si bahari, ni mataifa. Pembe si pembe, ni wafalme. Ila akifika kwenye chapa, ile atakayopigwa kila mtu kwenye mkono wa kuume au usoni, na asiye nayo asinunue wala asiuze, hapo sauti ilishuka na macho yakanitafuta mimi. "Simama, mdogo wangu. Toa ushuhuda."

Nami nilisimama. Zamani nilifanya kazi kiwanda cha biskuti. Getini mlinzi alitugonga muhuri wa wino wa zambarau mgongoni mwa mkono wa kulia, ili tukitoka kula mchana turudi bila maswali. Dada alipopata habari hiyo aliniambia nikatae, hata kama nitafukuzwa. Haukupita mwezi nikawa sina kazi. Tangu hapo nashona viatu kwenye kibanda mbele ya duka lake, na kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa shujaa wa darasa. Hata watoto walijua kwamba fundi viatu aliikataa chapa.

Niseme wazi, nilichukia kusimamishwa vile. Lakini kilemba, hata kiwe cha ukoka, ukishavikwa ni shughuli kukivua.

Jumatatu moja sindano ya cherehani ilimchoma dada kidole cha shahada ikatokea upande wa pili. Akafunga kitambaa, akaendelea na sare za shule. Alhamisi asubuhi nilimkuta amekaa kitandani, mkono wa kulia umevimba mpaka kiwiko, hawezi kushika hata kikombe. Nilimburuta hospitali, akininung'unikia njia nzima.

Daktari alikuwa binti mwembamba asiye na maneno mengi. Aliubonyeza mkono, akaufuata kwa kidole mstari mwekundu uliokuwa unapanda juu. "Usaha umeingia ndani, mama. Tunapasua saa tano. Tukingoja mpaka jioni, itakuwa si habari ya kupasua tena, ni ya kukata." Kisha akatoa kalamu nene mfukoni, akaushika mkono ili achore mshale kutoka kiwikoni kwenda kidoleni.

Dada aliuvuta mkono kwa nguvu mpaka akapiga yowe. "Unafanya nini?"

"Naweka alama, mama, tusije tukapasua mkono usio wenyewe. Ndiyo sheria. Hakuna anayepita mlango ule bila alama."

Laiti angeishia kwenye neno "sheria". Nilimwona dada akibadilika uso. "Umesikia?" aliniuliza. "Mkono wa kuume. Na asiye na alama hapiti. Umesikia kwa masikio yako?"

"Dada, ni wino tu huo."

"Hata wa kiwandani ulikuwa wino tu."

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Daktari alisema ana wagonjwa wengine, atarudi baada ya nusu saa, na nizungumze na mama yangu. Ni dada yangu, nilimjibu, kwa ukali asiostahili. Nilikuwa naogopa.

Nilimbembeleza dada, nikamfokea, nikambembeleza tena. "Miaka yote unatufundisha mnyama si mnyama, bahari si bahari, pembe si pembe. Leo chapa peke yake ndiyo iwe chapa?"

Dada alijifuta uso kwa mkono wa kushoto. Jasho lilikuwa linamtiririka na midomo imemkauka. "Hilo nimeliwaza tangu alipotoka," alisema taratibu. "Huenda usemalo ni kweli. Huenda nilisoma vibaya. Lakini wewe ulikataa, ukapoteza kazi kwa neno langu. Nikiunyoosha huu mkono leo, nitakutazama kwa macho gani? Nitakuwa nimekuharibia maisha bure. Bora mkono uende."

Maneno hayo yalinikata maini. Mkono ule ndio ulionilea baada ya mama kufa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka kumi na mmoja, ikaishia kando ya kitanda cha hospitali.

"Sikukataa," nilisema.

"Nini?"

"Muhuri. Sikuukataa hata siku moja. Niligongwa kila siku, na kabla ya kurudi nyumbani nikausugua. Walinifukuza kwa sababu walinikuta nimelala nyuma ya magunia ya unga, mara ya tatu. Nilipofika uliniuliza kama nimekataa, ukanikumbatia kabla sijajibu. Nikaliacha liwe hivyo."

Dada alinitazama kama anavyotazama kitambaa chenye kasoro. Sikuwahi kutazamwa hivyo na yeye.

"Miaka kumi na mmoja umesimama mbele ya shuka langu," alisema.

Daktari aliporudi na kalamu yake, dada aligeuzia uso ukutani, akaunyoosha mkono wa kulia. "Chora," alisema.

Niliruhusiwa kumwona saa kumi. Daktari alisema vidole vyote vitano vipo, na vitashona tena. Mkono ulifungwa bendeji nene, na juu yake, karibu na kiwiko, mkia wa mshale ulikuwa unachungulia. Nilikaa kwenye benchi nikingoja matusi. Ningeyapokea yote.

Dada aliutazama ule mkia kwa muda mrefu. "Ule wa kiwandani," alisema bila kunigeukia, "ulikuwa unautoaje?"

"Kwa ndimu na majivu."

"Kila siku?"

"Kila siku, dada."

"Kesho niletee ndimu," alisema. "Na Jumamosi utasimama tena mbele ya darasa. Safari hii uanzie kwenye ndimu."