Mkamwana, Baba Mkwe na Mzani wa Maziwa

Mimi niliishia darasa la saba, na kompyuta mbovu za Tukuyu zote zinanijua. Nilianza na redio pale Msasani, hapa hapa Tukuyu, nikapanda mpaka kwenye kiini, ile programu ya chini kabisa inayoamrisha kila kifaa. Wengi huko hawakanyagi. Mimi nina kiti.

Kituo cha maziwa cha Nkunga niliwaandikia programu ya kuunganisha kiini na mzani. Tamu, ila mtu akijikwaa kwenye waya wa mzani ukachomoka wakati wa kupima, kompyuta nzima inaganda na maziwa yanachacha kwenye foleni. Mwenyekiti wao, mama asiyecheka na mtu, akasema ikiganda tena nisirudi.

Nikamwambia nimeiandika upya kwa Rust, lugha ya kuandikia programu. Akauliza maana yake. Nikajibu, kutu.

“Fundi, mvua imeshanilia mabati. Sasa unaniletea kutu mpaka kwenye maziwa?”

Foleni nzima ikaangua kicheko.

Nikamweleza kinyumbani. Zamani kwetu mkamwana haonani na baba mkwe. Akimsikia njiani anatumbukia migombani. Akiwa na neno, linapita kwa mtu wa katikati. Basi kiini ndiye baba mkwe, ukimgusa vibaya nyumba inaanguka. Programu nyingine ni wakamwana. Nami nimeandika mtu wa katikati: ganda dogo, mambo ya hatari yote yamo humo, yamewekewa alama kuwa si salama. Aliye nje akitaka uzito, lazima kwanza aulize kama mzani bado upo. Asipouliza, Rust inakataa hata kuitengeneza programu. Imenikatalia hata mimi, na mimi si mtu wa kukataliwa.

“Na huyo wa katikati akiwa mwongo?” akauliza mwenyekiti.

Hapo alinipata. Nikamwambia ndiyo maana nimemfanya mfupi, nimkague neno kwa neno. Akidanganya yeye, wote tumekwisha.

Hakuridhika. Nikawasha programu mpya. Ndoo ilipokaa juu ya mzani, akainama akachomoa waya mwenyewe. Kioo kikaandika: mzani haupo. Kompyuta ikaendelea kupumua. Akachomeka, uzito ukarudi. Akachomoa tena, uchokozi tu. Vilevile.

“Mimineni,” akawaambia wenzake.

Mimi akanisogezea tu kikombe cha maziwa ya moto. Nikakinywa taratibu, nimesimama katikati ya mlango, kila aliyetaka kuingia aniombe nimpishe kwanza.