Neno la Lavonne kwenye Mazishi ya Delmar

Lavonne Tjaden hakuwa mtu wa maneno mengi, na pengine ndiyo maana neno lake moja lilimponza vile. Alikuwa mke wa Merlin, mkulima wa mahindi kama sisi sote huku kaskazini mwa Iowa. Mahindi yetu hupelekwa kiwandani kule mtoni, yakageuzwa shira, yaani sukari ya majimaji, na shira hiyo huingia kwenye soda na vyakula chungu nzima. Ni vigumu kupata ukoo hapa ambao haujapokea mshahara wa kiwanda kile. Delmar, mume wa Ardith, alifanya kazi pale tangu ujana wake mpaka alipostaafu.

Wakati wa baridi daktari alimpima Merlin, akamwambia ini lake limejaa mafuta. Aache soda, na avitazame vizuri hata vyakula asivyovidhania kuwa vitamu.

"Daktari, mimi keki sili," Merlin alisema huku akicheka.

Lavonne hakucheka. Alipofika nyumbani alifungua kabati, akavaa miwani, akaanza kusoma maandishi madogo ya nyuma ya makopo na pakiti. Mkate: shira ya mahindi. Tomato sosi: shira. Maharage ya kopo, achari ya matango, hata mtindi aliokuwa akimpa mumewe kwa ajili ya afya, vyote vilikuwa nayo. Sukari ya kwenye chai mtu huiona ikiingia na kijiko. Hii ilikuwa imejificha kwenye vitu vya chumvi. Alikaa pale jikoni na kopo mkononi, akajiona kama mtu aliyemdhuru mumewe kidogo kidogo, kwa mikono yake mwenyewe, huku akimwambia kula mume wangu, kula ushibe.

Akaanza kuoka mkate. Nyanya akazichemsha na kuzisaga mwenyewe. Vya kununua akavifuata mji wa pili, ili majirani wasimkute dukani amekodoa macho kwenye chupa kama mpelelezi.

"Tunalima wenyewe, halafu tunakimbia wenyewe," Merlin alinung'unika. "Watu wakijua nitauweka wapi uso wangu?"

"Hawatajua."

"Mahindi ndiyo yaliyoijenga nyumba hii, Lavonne."

"Najua yaliyoijenga. Kula mkate wako."

Hawakumwambia mtu. Walikuwa wakila kwa siri kama watu wanaoficha pombe.

Delmar alifariki mwezi wa nne, kabla hatujapanda. Baada ya maziko tulishuka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa kwa chakula cha mchana. Mimi nilikuwa namimina kahawa, kwa hiyo niliyoyaona sikusimuliwa. Ilene, dada mkubwa wa Ardith, alikuwa ameleta paja zima la nguruwe la kuokwa, limepakwa kitu cha rangi ya kahawia, linang'aa. Merlin alichukua vipande viwili vinene, akarudi kwa cha tatu.

Asubuhi ile Lavonne alikuwa ameokota kopo la soda chini ya kiti cha gari lao. Alinyamaza njia nzima, akanyamaza kanisani, akanyamaza makaburini. Alipoona kile kipande cha tatu, hasira yote ikampanda. Alimpokonya sahani.

"Weka chini! Unataka nikuzike na wewe? Hiyo ni sumu ya kiwandani, imepakwa juu kama rangi!"

Bahati mbaya, wakati uleule mchungaji alikuwa amesimama kuwaombea wafiwa, na ukumbi ulikuwa umetulia. Neno lile lilisikika mpaka kwenye meza ya wafiwa. Sumu ya kiwandani. Ardith aliinamisha kichwa, akaanza kuikunja karatasi ya kufutia mikono, akaikunja mpaka haikukunjika tena. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya Merlin kwenye foleni alikirudisha kipande chake polepole. Baada ya sala hakuna mtu aliyeligusa lile paja. Sikuligusa hata mimi, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Merlin alitoka kwenda kukaa garini. Lavonne alimfuata akiwa ameshika mkoba kifuani. Walikuwa wamekaribia nyumbani Merlin alipofungua mdomo.

"Mwaka niliovunjika mguu, nani alinivunia shamba?"

"Delmar."

"Basi leo umemzika mara ya pili."

Lavonne hakwenda kanisani Jumapili iliyofuata, wala ile iliyoifuata. Mji wa pili aliendelea kwenda, ila sasa hakuwa akificha chupa, alikuwa akijificha mwenyewe. Wanaume walimwandama Merlin kwenye ghala la nafaka, mahali wanapokunywa kahawa.

"Merlin, kahawa hii mkeo ameipima kwanza?"

"Kunywa tu," mwingine alidakia. "Ukifa, kwenye msiba wako sisi tutakula kimya kimya."

Walicheka, naye akacheka, lakini alirudi nyumbani bila neno. Hilo lilimuuma Lavonne kuliko kama angefokewa.

Mwishowe alioka mkate, akaufunga kwa kitambaa, akaenda kwa Ilene. Kwa Ardith hakuthubutu. Ilene alikuwa mwanamke wa miaka themanini na kitu, anayeishi peke yake, na masikio yake yalikuwa yamechoka. Alimkaribisha jikoni, akaweka birika motoni.

"Nimekuja kuomba radhi," Lavonne alisema.

"Radi? Leo hakuna radi. Mbingu nyeupe hivi!"

"Radhi, mama! Msamaha! Kwa lile neno la siku ile ya msiba!"

"Neno gani, binti yangu?"

Hapo ndipo Lavonne alipoelewa. Ilene hakuwa amesikia. Watu wote wa ukumbi ule walisikia isipokuwa yeye, na mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia. Lavonne angeweza kuuacha mkate pale, akasema neno lingine lolote, akaenda zake. Uso ulimwaka. Alivuta pumzi, akalirudia kwa sauti ya kupiga kelele, mara mbili, maana mara ya kwanza Ilene alisikia nusu tu: kwamba nyama yake aliiita sumu ya kiwandani mbele ya watu, na kwamba ndiyo sababu watu hawakula.

Ilene alikaa chini.

"Kumbe," alisema. "Mimi nilidhani nimezidisha chumvi. Nilirudi na lile paja karibu zima, Lavonne. Kila siku nilikuwa nakata kipande naonja, natafuta kosa langu. Nikasema, basi Ilene, umezeeka, hata ulimi umekufa."

"Nisamehe, mama."

"Niliipaka asali na haradali. Asali ya mizinga ile pale." Akaonyesha dirishani. "Delmar alikuwa akiipenda. Ungeniuliza ningekwambia."

Lavonne alitamani ardhi ipasuke immeze. Ilimjia kusema kwamba hata asali ni sukari, na Merlin vipande vitatu hakupaswa kula, asali au si asali. Lilikuwa neno la kweli. Akalimeza.

Ilene aliufungua ule mkate, akaunusa, akauweka kando.

"Huu uache. Lakini kwa Ardith utakwenda mwenyewe, na usiende na mkate. Ukienda na kitu mkononi, mtu hulazimika kushukuru."

Alikwenda hivyo hivyo, mikono mitupu, moja kwa moja kutoka pale, kwa sababu alijua akipitia nyumbani hatatoka tena. Ardith alifungua mlango, lakini hakumwambia aingie. Lavonne alisema aliyokuja kusema, maneno yakigongana.

Ardith alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kama ni mbaya au si mbaya, mimi sijui," alisema. "Huenda uko sawa. Delmar alikuwa akirudi na harufu yake kwenye nguo, utamu fulani kama mahindi yaliyoungua. Miaka yote nilikuwa nalalamika, nafua. Sasa nimebaki na koti moja sijalifua, na sitalifua. Hiyo ndiyo uliyoiita sumu."

Lavonne alirudi nyuma hatua moja.

"Nitakusamehe," Ardith alisema, "ila si leo. Leo nimechoka." Akafunga mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Lavonne hakuacha kusoma maandishi ya nyuma. Siku hizi anasoma hapa hapa dukani kwetu, miwani usoni, na anayetaka kumwangalia amwangalie. Akialikwa mahali humvuta mpishi pembeni, akamuuliza kwa sauti ndogo chakula kina nini, na masikio yake huwa mekundu. Wengine humjibu vizuri. Wengine humwambia, "Kina sumu, bibie, kula." Naye hutabasamu, kwa sababu anaona anastahili.

Mwisho wa kiangazi daktari alimpima Merlin tena, akasema ini limeanza kupata nafuu. Kwa mtu mwingine ingekuwa habari ya kutangaza. Lavonne alinidokezea mimi tu, kwenye ngazi za kanisa, akitazama huku na huku kama mtu aliyebeba kitu cha wizi.

Kwenye karamu ya mavuno mwaka ule, wanawake wa jikoni waligawana vyakula vya kuleta, jina la Lavonne likarukwa. Hakuuliza. Alikuja mapema, akafunga aproni, akasimama kwenye sinki kuosha vyombo. Katikati ya shughuli Ardith aliingia na sinia la vikombe vichafu. Alilitua, akasita, kisha akachukua taulo ukutani, akasimama karibu yake, akaanza kufuta. Walimaliza sinia lile, wakaanza jingine. Nilikuwa pale na kahawa yangu, sikuthubutu hata kukohoa.

Ardith alikiinua kikombe kimoja kwenye mwanga, akakigeuza.

"Hiki bado kina doa," alisema. "Rudia."

Lavonne akakipokea, akakitumbukiza majini, akakiosha upya.