Siku Tatu za Mama Yake Violet

Mama Violet, jina lake mwenyewe na si la mtoto wake, alikaa benchi la nyuma kanisani, karibu na mlango, kana kwamba wakati wowote angeambiwa apishe. Nilimfahamu mwaka 1994, biashara ilipokuwa imeachiwa huru, nami nimeacha shamba la kahawa la baba kule Mapera, milimani, na kushuka ziwani na robota la mitumba. Kijiji chao hakikuwa na nyumba ya wageni, nikafikia kwake. Nilikula ugali wake wa muhogo kwa usipa, vidagaa vya ziwa alivyovianika mwenyewe mchangani.

Majirani walimtania kwamba wanawe wawili walichelewa kutembea kwa sababu hakuwahi kuwashusha mgongoni. Utani ule ulikuwa na mzizi mchungu. Mama yake alifariki siku tatu baada ya kumzaa, mwaka 1938, katika hospitali ya misheni. Wanawake waliokuwa uani walimwona mtoto akitolewa nje siku ile ile aliyozaliwa, asirudishwe tena, wakaamua wenyewe kwamba mzazi amemkataa. Violet alikua akiambiwa hivyo na bibi yake kila alipovunja chungu au kuunguza mboga. "Hata mama yako hakutaka kukushika." Huyo bibi ningemkuta hai, tungekosana.

Hospitali ile ilikuwa ya Daktari Harwood, Mwingereza, mmoja wa madaktari wa mwanzo upande ule wa ziwa. Habari zake nilisimuliwa mpaka nikachoka: hakunywa chai kabla ya kumaliza wodi, alizungumza kidogo na kuandika sana. Maandiko yake juu ya homa za ziwani yalichapishwa kwao Uingereza. Msaidizi wake, dresa wa kusafisha na kufunga vidonda, tena mkalimani, alikuwa Meshack, baba yake Violet. Daktari alimwapisha kwamba maneno ya mgonjwa hayatoki wodini, na Meshack akakishika kiapo hicho kuliko wengi wanavyoshika kile cha ndoa. Harwood aliporudi kwao mgonjwa, alimwachia daftari moja la wagonjwa lililokuwa halijajaa. Meshack alilifungia sandukuni, na mwaka 1981, akiwa kitandani anakata roho, akampa Violet ufunguo pamoja na kiapo kile kile.

Siku moja padri wao wa Kianglikana alikuja na barua. Jamaa za daktari waliomba daftari lirudi Uingereza likae na mengine, na meli ilitarajiwa Alhamisi. Padri alipoondoka, Mama Violet aliisahau mboga mpaka ikakaukia jikoni.

"Kiliani, Kiingereza unakijua?"

"Cha kidato cha nne, mama. Cha kuulizia njia."

"Kitatosha. Nisomee siku tatu tu, zile za mama yangu. Nataka kujua kama alinikataa."

"Ufunguo unao miaka kumi na tatu, na hapa walimu wapo."

"Niliapa, mwanangu. Na wanaojua Kiingereza hapa wote wana ndugu zao humo ndani. Wewe wa kuja, majina huyajui."

Nilitaka kumwambia kiapo gani cha kumtesa mtu hivyo, lakini alikwisha kufungua sanduku akalitoa daftari. Tulikaa dirishani, nikafunua mpaka tarehe aliyozaliwa. Kiingereza kilikuwa nusu ya chini ya ukurasa, nikakihangaikia neno moja moja. Homa kali baada ya kujifungua. Mtoto atengwe na mama, asiambukizwe.

"Ni daktari aliyeamuru utolewe," nikamwambia, nikifurahi kuleta habari njema.

Hakufurahi. "Na mama alisemaje?"

"Huku juu kuna maneno mengine, lakini si Kiingereza. Ni ya kwenu, na mwandiko si ule."

Alilichukua daftari akalisogeza kwenye mwanga. "Huu mwandiko wa baba," akasema. Daktari aliandika maoni yake chini. Juu, mkalimani aliandika kile mgonjwa alichosema, kwa Kinyasa, kama kilivyotoka kinywani. Mama Violet, aliyesoma Kinyasa na Kiswahili tangu utoto, alikuwa amekaa miaka yote hiyo bila kulifunua, akingoja mtu wa Kiingereza.

Alisoma akichezesha midomo. Alipomaliza alinigeuzia kwa Kiswahili, taratibu. Siku ya kwanza mgonjwa alisema: nileteeni mtoto wangu. Siku ya pili: kama haingii ndani, basi mpitisheni dirishani nimwone. Siku ya tatu: maziwa yananiuma, Meshack, akikua, mwambie nilimwita.

"Baba aliagizwa," akasema. "Akaandika, akafunga daftari." Kisha akalia.

Nilimshauri achane kurasa zile abaki nazo. Alikataa, akasema nyuma ya kurasa hizo yupo mgonjwa mwingine, na maneno yake si ya kuchanwa. Alhamisi alimkabidhi padri daftari zima.

Jumapili baada ya ibada aliniomba nimsindikize makaburini. Kaburi la baba yake, alilolifagia kila wiki, alilipita bila kusimama. La mama yake lilikuwa mbele kidogo, limeota nyasi, maana hakuwahi kujiona na ruhusa ya kulisogelea. Alipiga magoti akazing'oa kwa mikono, akizungumza Kinyasa kingi nisichokielewa. Nilisogea pembeni kumwachia nafasi, na hapo ndipo nilipomsikia mwanamke wa miaka hamsini na sita akiitika.

"Abee, mama."