Nazi za Shangazi na Makala ya Mama Yako

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka kichwa kinaniuma upya. Nilikuwa bado kijana, mkutubi mgeni kwenye kituo kimoja cha utafiti pale Raskazone, Tanga, na mkuu wetu akaniita. "Wakubwa wanataka kujua nchi yetu imetoa makala ngapi za utafiti kwenye majarida ya mtandaoni, haya yanayosomwa bure. Zihesabu." Nikasema sawa mzee, kazi ndogo hiyo. Kumbe!

Nikahesabu asubuhi nikapata idadi. Nikarudia mchana, nikapata nyingine. Mwenzangu naye akapata yake. Maana makala ya nchi ni ipi, hebu niambie? Ya Mtanzania anayeishi Ulaya? Ya Mzungu aliyekuja kupima matope ya Pangani akarudi kwao? Na ile iliyosomwa kwa kulipia kwanza, ikaachiwa bure baadaye, nayo imo? Wallahi nilitamani kulia.

Katikati ya zahama hiyo akanijia mama yako, Mwanaidi. Tulipanga nyumba moja Makorora, wewe unanyonya. Alikuwa na makala moja tu, ya mikoko ya Pangani, na mkataba wake pale kituoni ulikuwa unakwisha. Asiyeonekana kwenye hesabu haongezewi. Lakini makala yenyewe aliiandika akiwa masomoni ng'ambo, na chini ya jina lake kimeandikwa chuo cha huko.

"Dada, mimi ni wa hapa au si wa hapa?" akaniuliza.

Jumamosi nikaenda Pangani kwa shangazi yangu, Mungu amrehemu, nikapumzishe akili. Shangazi alikuwa na minazi yake kwenye shamba la Mzee Omari. Ndivyo ilivyo kwetu, ardhi ya huyu, mti wa yule. Nikamkuta anacheka peke yake. Afisa kilimo alikuwa amepita kuuliza idadi ya nazi. Shangazi akazitaja kuwa zake, na Mzee Omari akazitaja zilezile kuwa za shamba lake. Zote zimeandikwa, mara mbili.

"Shikamoo Shangazi. Sasa hiyo si hesabu mbovu?"

"Marahaba. Mbovu, ndiyo. Lakini nisipoandikwa, mimi hapa ni nani? Minazi niliyoipanda kwa mikono yangu!"

Nikamweleza masaibu yangu. Badala ya kunionea huruma akanikaripia: "Ebo! Kwani wewe umeitwa kadhi? Umeambiwa uhesabu. Hesabu, kisha useme umehesabu vipi. Yule afisa kosa lake ni hilo tu, hakusema."

Nikarudi Tanga nimechanganyikiwa vilevile, ila sasa nimechanganyikiwa kwa adabu. Makala ya mama yako nikaitia, na pembeni nikaandika kwamba huenda nchi nyingine nayo imeihesabu, na kwamba nimefuata mahali utafiti ulipofanyika. Mkuu akafoka. "Wanataka namba, hawataki hadithi!" Nikamwambia bila maelezo yale siliweki jina langu hapo. Akaguna: "Haya. Yaandike kwa herufi ndogo."

Mama yako akaongezewa mkataba. Mpaka leo sijui kama nilihesabu sawa, na usidhani nakutania. Wengine wangeiacha makala ile, na wasingekuwa waongo.

Sasa wewe ndiye umepewa kazi hiyohiyo, na jana nimekuona umejishika tama mbele ya kompyuta. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, kwa hiyo hesabu. Ila usiipeleke namba uchi. Iambatanishe na ulichokitia, ulichokiacha, na ulichoshindwa kukijua. Usione haya; mficha uchi hazai. Na kabla hujafuta jina kwa sababu ya anwani iliyo chini yake, kumbuka kuna mtu ameketi mahali anasubiri kuambiwa kama ni wa hapa.

Mola akujaalie namba iliyo sawa, mwanangu. Na asipokujaalia, basi akupe ulimi wa kusema hujui.