Memori ya Nambari Nane

Jumanne, tarehe 13 Julai 1999. Manyunyu tangu alfajiri. Mji wote wa Thika ulikuwa umejikunyata kwa baridi.

Kiama wa Kimbo, fundi wa redio aliyeingia kwenye kompyuta kwa udadisi tu, alisimama dukani kwa Tahir, muuza vipuri vya kompyuta, na vipande viwili vya memori mkononi, vyembamba kama vitana. Alivichungulia kwa lenzi ya fundi wa saa.

"Kiama, hizo ni memori, si maharagwe," Tahir alimwambia. "Utachambua mpaka lini?"

"Hii imeandikwa kumi mwishoni, hii nane. Nachukua nane."

"Haiya! Watu wanataka nambari kubwa, wewe unataka ndogo?"

"Hiyo nambari ni muda inaochukua kujibu. Mimi namtaka anayejibu upesi."

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Magdalene, aliyekuwa na ofisi ya kupiga chapa karibu na soko. Hakuwa na kompyuta nyingine. Kila alipofungua picha kubwa ilikokota miguu, na kuna familia iliyomwagiza kijitabu cha programu ya mazishi chenye picha za marehemu. Wangekijia kesho yake. Kiama alimwahidi kuisukuma mashine iende mbio kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Asubuhi hiyo alihamisha kipini kidogo cha kupangia kasi kwenye bodi na prosesa, ubongo wa mashine, ikachapuka, ila memori ya zamani ikashindwa kufuata, kama mpiga ngoma aliyeachwa nyuma na wachezaji.

Alipoipachika ile ya nane, picha ya marehemu ilifunguka mara moja. Akaifunga, akaifungua tena, akaifunga, hadi chai aliyopewa ikapoa. Kisha akaaga.

Hakuwa amefika kwenye kona aliposikia, "Fundi! Fundi, imeganda!"

Akarudi, akaiwasha upya. Ikaenda vizuri mbele ya macho yake. Alipoondoka, ikaganda.

"Inakuogopa," Magdalene alisema. "Basi kaa hapa kama askari. Ama uirudishe vile ilikuwa. Kesho nitawaambia nini wafiwa?"

Kiama aliishuku memori. Labda kuna mjanja aliyefuta nambari ya kweli akaandika nane. Akaenda kwa Tahir, akabadilishiwa nyingine ya nane, akaja kuipachika. Mambo yakawa yale yale: akiwapo inakimbia, akitoka inaganda.

Alipoitwa tena, safari hii hakubisha hodi. Alisimama mlangoni, akatazama ndani. Juu ya kasha la kompyuta palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua mekundu, kimening'inia pande zote hadi kufunika matundu ya hewa ya nyuma. Hapo akakumbuka: kila alipokuja kufanya kazi, yeye mwenyewe alikiondoa na kukiweka kitini bila kufikiri. Na kila alipoaga, Magdalene, mwanamke asiyependa kitu kikae uchi, alikirudisha.

Akaweka kiganja nyuma ya kasha. Lilikuwa la moto kama chapati.

"Magdalene, umeivalisha sweta."

"Na vumbi je? Halafu hicho kitambaa alikifuma mama."

"Mama alifuma vizuri sana. Lakini anayekimbia hutoka jasho, na wewe umemfunga vifungo mpaka shingoni."

Magdalene alicheka shingo upande, akakikunja, akakitandika kwenye benchi la wateja. Kiama akatoka makusudi, akaketi barazani, ili ajue kama mashine itafanya kazi bila yeye. Manyunyu yalimpiga magotini. Baada ya kitambo akasikia printa ikianza kukwaruza ndani, ukurasa baada ya ukurasa, na Magdalene akiimba wimbo wa kanisani. Hakuitwa.

Asubuhi iliyofuata, kule Kimbo, kabla hata ya kunawa uso, Kiama alikiinua kitambaa cha televisheni ya sebuleni, akaiwasha, akaweka kiganja mgongoni mwake.

Wakonyo, mkewe, alisimama na birika mkononi. "Baba Kui, ina homa?"

"Ngoja kidogo," alisema Kiama, bila kuondoa mkono.